Daktari wa Dagoretti

Adhuhuri moja ya Ijumaa, mwaka wa 2005, moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda Kenyatta Market hata wasusi waliokuwa vibandani wakawa wanakohoa huku vidole vyao vikiendelea kusuka. Katika msongamano huo alipita msichana aliyevaa gauni la samawati lenye kola nyeupe, viatu vimeng'arishwa, nywele zimefungwa nyuma kwa utaratibu. Jina lake lilikuwa Peres, muuzaji katika duka la vitambaa la Biashara Street. Mkononi alishika karatasi ya rangi ya waridi, iliyochorwa mistari inayopanda na kushuka.

Ilikuwa karatasi ya kipimo cha moyo wake. Tabibu wa zahanati alikopimwa alikuwa amemwambia maneno machache tu: "Moyo haupigi sawasawa. Nenda hospitali ukapigwe picha ya moyo." Katika hospitali moja kubwa ya Upper Hill alipewa siku ya kurudi, lakini hakupata mtu wa kumweleza maana ya "haupigi sawasawa". Mama yake alianguka shambani huko Alego, angali kijana, akafa; na mpaka leo hakuna aliyejua sababu. Peres alitaka kujua jambo moja tu: je, na yeye ataanguka vivyo hivyo?

Ndipo alipomwona kijana mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi, kalamu imechomekwa mfukoni, amesimama mbele ya kibanda cha nyama. Madaktari wa hospitali za karibu walizoea kula hapo. Peres akakusanya ujasiri.

"Samahani, daktari. Naomba dakika moja tu."

Kijana akageuka. Hakuwa daktari. Aliitwa Odero, mkaguzi wa nyama katika kichinjio cha Dagoretti, naye alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba nyama inayouzwa pale ina muhuri wa ukaguzi. Ilimpasa aseme hivyo papo hapo. Lakini alitazama macho makubwa yaliyojaa hofu, akanyamaza.

"Nisomee hii, tafadhali. Tangu asubuhi kila mtu ananiambia nisubiri picha ya moyo."

Odero akaipokea karatasi, akakunja uso kama msomi.

"Daktari, umeishika juu chini."

"Huwa naanza mwisho," akajibu, na Peres akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Unasikia nini mwilini?"

"Nikipanda ngazi nachoka sana. Moyo unapiga kama mtu anayebisha mlango."

"Ngazi za Nairobi humchosha kila mtu, dada. Moyo huu ni mzima. Usiogope."

Makau, mwenye kibanda, alikohoa, na hakukohoa kwa sababu ya moshi. Odero alijifanya hakusikia. Walipoagana, kila mmoja alikuwa na nambari ya simu ya mwenziwe.

Kuanzia jioni hiyo simu hazikukoma. Peres aliishi Kawangware na binamu yake, Jacklyne, ambaye hakuwa na haya ya kusikiliza mazungumzo ya watu.

"Daktari wangu, umefika nyumbani?"

"Niite Odero, nyar Alego," akajibu, akimwita binti wa Alego kwa Kijaluo.

"Nilifundishwa heshima. Umekula?"

"Nimekula ugali mkavu, nikikufikiria wewe."

"Basi nifikirie na mboga kidogo!"

Jacklyne akapiga kelele kutoka jikoni: "Muulize daktari kama ana ndugu! Hata nesi wa kiume, mimi sichagui!"

Walikutana Jumapili, baada ya ibada, katika bustani ya Jeevanjee. Odero alivaa suti ya kijivu na tai nyekundu. Peres alivaa sketi ndefu na kitambaa cha hariri alichopewa dukani. Walitembea bila kushikana mikono, kama inavyowapasa watu waliolelewa vyema, na hata hivyo waliokuwa bustanini wakatambua wazi kwamba wawili hawa wanapendana. Mara mbili Odero alifungua kinywa aseme kweli, na mara mbili akauliza kama angependa karanga. Uongo wake ulikuwa mdogo siku ya kwanza. Sasa ulikuwa umekua, na yeye ndiye aliyekuwa akiulisha.

Siku moja, wakizungumza kwa simu wakati wa chakula cha mchana, Odero akauliza, "Na ile picha ya moyo, unakwenda lini?"

"Ilikuwa Jumanne. Sikwenda."

"Hukwenda?"

"Kwani si ulisema moyo ni mzima? Nilikaa siku zote hizi bila kuogopa. Nikaona nisichukue nafasi ya mgonjwa."

Odero aliweka muhuri wake chini.

"Odero? Bado upo?"

"Uko wapi sasa?"

"Dukani. Juzi nilizirai kidogo kwenye ngazi za stoo, lakini ni joto tu. Odero?"

"Ninakuja."

Hakubadili nguo. Aliingia Biashara Street akiwa na gambuti miguuni na koti lenye madoa ya damu mpaka kiunoni, na wanunuzi waliokuwa wakipapasa vitambaa wakajibanza ukutani. Hemlata, mama mwenye duka, alisimama nyuma ya meza, miwani imeteremka puani.

"Wewe kijana, toka! Damu itaanguka juu ya sari zangu!"

"Msamehe, mama, ni daktari," Peres alisema, akishuka ngazi ya mbao kwa kushikilia ukuta. "Odero, umetoka kupasua mtu?"

"Nimetoka kichinjioni," Odero alisema. "Mimi si daktari, Peres. Ni mkaguzi wa nyama, Dagoretti. Karatasi ile sikuielewa. Nilisema moyo wako ni mzima kwa sababu nilitaka ucheke, na baadaye nikaogopa usije ukaacha kucheka."

Peres aliweka mezani polepole mkasi aliokuwa ameushika.

"Uliponiita nyar Alego, ukiniuliza kama nimelala vizuri, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mama yangu walimwambia ni uchovu. Kila mtu alimwambia ni uchovu, ili afurahi." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Odero kuliko kama angemtukana. "Nenda."

"Peres, nakuomba urudi hospitali. Mimi nichukie, lakini urudi."

"Nimesema nenda."

Akaenda. Hemlata alifunga mlango kwa kishindo, akamkalisha Peres kwenye robota la vitambaa na kumpa maji.

"Huyu mtu ni mjinga," alisema. "Lakini kwa hospitali amesema kweli. Ukipata siku, kazi usikuje. Mshahara iko."

Siku mpya aliyopewa Peres hospitalini ilikuwa mbali, yapata miezi miwili. Hata hivyo, Odero alipokwenda kuuliza, karani wa kliniki alimweleza kwamba asubuhi nyingine wagonjwa hukosa kufika, na nafasi zao hupewa waliotangulia kwenye benchi. Odero akaomba zamu za mchana, akawa akifika pale alfajiri kila siku, amevaa sweta kuukuu, anasubiri katikati ya wagonjwa. Hakumpigia Peres simu hata mara moja. Aliona kwamba maneno yake yalikuwa yamemdhuru vya kutosha.

Asubuhi moja, nafasi ilipopatikana, alimpigia Jacklyne.

"Niaje, daktari wa ng'ombe," Jacklyne alijibu kwa ukali.

"Nakubali. Mwambie Peres aje upesi, nimemshikia nafasi. Akifika nitaondoka, hatalazimika kuniona."

Peres alifika akiwa na leso kichwani na midomo imekauka. Odero alisimama, akamwachia mahali alipokuwa ameketi, akaanza kwenda zake.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kaa," alisema, akitazama sakafu. "Usifikiri nimekusamehe. Naogopa tu."

Odero akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Usiniambie kitu chochote kuhusu moyo," Peres alionya.

"Sijui kitu kuhusu moyo."

"Hata wa ng'ombe?"

"Mioyo yote ninayoipasua imekwisha nyamaza. Wako ndio wa kwanza kunigombeza."

Peres aliuma mdomo asicheke, akashindwa. Aliporudi kutoka chumba cha picha, aliketi katika ile nafasi iliyokuwa wazi kati yao.

Daktari Fatema, mwanamke mtaratibu aliyefunga hijabu ya kijani, aliwaita wote wawili, kisha akasita na faili mkononi.

"Majibu haya ni ya mgonjwa peke yake na watu wake. Huyu bwana ni nani wako?"

Odero alikuwa amekwisha kuinuka. "Mimi si ndugu yake, daktari, wala si mume wake. Sina haki ya kuwa hapa. Nitangoja nje."

Peres alimtazama. Ingekuwa rahisi mno kwa kijana huyu kujiita jina lolote.

"Ni mchumba wangu," akasema.

"Peres..."

"Kaa chini, daktari anangoja."

Daktari Fatema alifungua faili. "Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba?"

"Nikiwa darasa la tatu. Nilikosa shule karibu muhula mzima."

"Ndipo tatizo lilipoanzia. Homa hiyo ya koo na viungo iliacha kovu kwenye kilango kimoja cha moyo. Hakifunguki vizuri inavyopasa, na ndiyo maana ngazi zinakuchosha. Sitakuficha: kuna dawa za kumeza, kuna sindano ya kila mwezi, na picha hii tutairudia mara kwa mara. Huenda siku moja kikahitaji kutengenezwa. Lakini umekuja mapema. Ukifuata matibabu, utafanya kazi zako na kuishi maisha yako."

"Na kuzaa?"

"Nina matumaini hayo. Ila uje tuzungumze kabla ya mimba, si baada yake."

"Mama yangu alikuwa na hiki hiki?"

Daktari alivua miwani. "Sikumpima mama yako, Peres, na sitajifanya najua. Ninalolijua ni lako."

Machozi yalimtoka Peres, si ya huzuni. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu aliyemwambia ajualo, na akakiri asilolijua.

Nje, jua lilikuwa limepasha joto barabara za Upper Hill. Waliteremka mwendo wa taratibu, Odero akipunguza hatua zake ndefu.

"Lile neno ulilomwambia daktari," alianza.

"Neno gani?"

"Unalijua. Ulisema ili niruhusiwe kukaa, ama ulikuwa unasema kweli?"

Peres alisimama, akajifunga leso upya, bila haraka yoyote.

"Wuod Gem," akasema, akimwita mwana wa Gem, kwao Odero, "mimi daktari wa kweli simdanganyi."

Odero aliketi kwenye ukingo wa barabara, bila kujali suruali yake safi. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi kubwa.

"Basi mwezi ujao nitakwenda Alego, nimwone baba yako."

"Utamwambia wewe ni nani?"

"Mkaguzi wa nyama."

"Mwambie hivyo hivyo," Peres alisema, akampa mkono wake. "Na upaze sauti, mzee hasikii vizuri."