Viza ya Mama Peke Yake

Kila Jumamosi asubuhi Ernestina alirudi nyumbani kwake Linden, mtaa wa jiji la Columbus huko Marekani, akiwa hoi baada ya zamu ya kuwatunza wazee. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai ya maziwa, kisha akamwuliza binti yake swali la siku zote: "Haya, Anitha, kuna habari gani?"

Anitha, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa bingwa wa kompyuta wa nyumba ile. Baba yake, Tarcisius, aliendesha lori na kushinda barabarani. Kwa hiyo familia ilipoamua kwenda Uswidi kumtembelea Mama mdogo Margareta, kazi ya kutafuta masharti ya kuingia nchini humo alipewa Anitha. Kichwa kikamvimba. Alifungua ukurasa wa ubalozi, akaona kwamba raia wa Marekani hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, akaufunga na kurudi kwenye video zake.

"Hakuna viza," alitangaza.

"Umesoma mpaka mwisho?" Baba aliuliza.

"Nimesoma yote, Baba."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kukatisha maswali tu. Baba akakata tiketi.

Wiki chache baadaye, akitafuta kama Uswidi kuna baridi wakati wa kiangazi, Anitha alirudi kwenye ukurasa ule na kuteremka chini zaidi. Kulikuwa na majina ya nchi ambazo raia wake lazima waombe viza. Tanzania ilikuwemo. Baba alikuwa amekwisha kupata uraia wa Marekani, na yeye na mdogo wake Jovin vilevile. Mama bado alikuwa na pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Marekani, na kibali hicho hakikumwondolea sharti la viza. Kati yao wote wanne, aliyekuwa akienda kumwona mdogo wake wa tumbo moja ndiye ambaye asingeruhusiwa hata kupanda ndege.

Angesema siku ileile, mambo yangekuwa mepesi. Lakini wapi! Alijiambia atasema Baba akirudi. Baba aliporudi, akajiambia amwache apumzike kwanza. Huku nyuma Mama alikuwa akikunja vitenge ndani ya sanduku na kumpigia Margareta simu, wakicheka kama wasichana. Kila siku aliyonyamaza Anitha iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Akakosa hamu ya kula. Akawa anamkwepa mama yake ndani ya nyumba ya vyumba viwili, kazi ambayo si rahisi hata kidogo.

Jumapili moja baada ya misa, walikuwa mezani wakila ndizi kwa nyama. Jovin akamwuliza kila mmoja atafanya nini kwanza wakifika Uswidi.

"Mimi nitamkumbatia tu," alisema Mama. "Mama yetu alipofariki kule Bukoba, Margareta alikuwa Uswidi na mimi hapa. Hatukuweza kwenda kuzika. Tulilia kwenye simu, kila mtu na chumba chake. Nataka tulie pamoja, basi."

Anitha akaweka kijiko chini. Hakuweza kuficha tena.

"Mama, hawatakuruhusu kuingia. Unahitaji viza. Sikusoma yote. Nimejua siku nyingi, nikaogopa kusema."

"Nilikuuliza, Anitha," alisema Baba. "Nilikuuliza hapa hapa." Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Mama aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Leta kompyuta," alisema. "Leo utasoma kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho."

Anitha alisoma huku machozi yakimtoka: barua ya mwaliko, bima ya safari, uthibitisho wa kazi, alama za vidole. Mama alitakiwa kwenda mwenyewe Washington kutoa alama hizo, na majibu yangeweza kuchukua wiki kadhaa. Siku zilizobaki hazikutosha. Ikabidi Baba asogeze safari hadi Agosti, wiki ileile ya kambi ya mpira wa kikapu ambayo Anitha aliisubiri mwaka mzima. Hakulalamika.

Viza ilitoka. Agosti, katika uwanja wa ndege wa Stockholm, Ernestina na Margareta walikumbatiana wakalia kwa sauti, bila kujali wapita njia. Mama alipopata pumzi, alimvuta Anitha karibu.

"Unaona, mwanangu? Hiki ndicho tulichokaribia kukikosa. Kuruka mistari ni kosa, hata sisi wakubwa hulifanya. Lakini uliposema umesoma yote, sote tuliacha kuangalia. Na ulipojua ukanyamaza, ulijifungia ndani peke yako na shida yetu sote. Siku nyingine ukikosea, tuambie mapema, tungali na nafasi ya kusaidiana."

"Ndiyo, Mama," alisema Anitha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliweza kumtazama mama yake usoni.