Kijiko cha Kumi na Mbili

Kitendawili: huingia kinywani mwa kila mgeni, mwenyewe hashibi. Wepesi wamekwisha kutegua: ni kijiko. Na Wendelien alikuwa akitafuta kimoja tu, mwaka wa sita sasa.

Alhamisi ile soko la vitu vya kale la Voorhout, mjini The Hague, lilifurika watu. Walisukumana chini ya miti, huyu kakumbatia saa ya ukutani, yule kabeba kiti kichwani. Wendelien alikuwa ametoka zamu ya alfajiri ya kuendesha tramu. Bado alivaa sare yake ya buluu, na shingoni alifunga skafu ya rangi ya haradali aliyodhani inaficha uchovu. Haikuficha. Miguu ilimwaka moto. Alikwenda meza kwa meza, akigeuza vijiko vya fedha, akitazama mgongo wa mpini, akivirudisha.

"Bibie, vijiko vyangu vimekukosea nini?" sauti ilimuuliza. "Unavigeuza kama mama anayekagua masikio ya mtoto."

Aliinua macho. Mwenye meza alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, koti limechakaa viwikoni, vidole vyeusi kwa dawa ya kung'arishia fedha.

"Natazama tu."

"Ndivyo wasemavyo wote. Mke wangu wa zamani naye alikuwa anatazama tu, akaondoka na fundi bomba."

Wendelien alicheka bila kupenda.

"Sema basi, unatafuta nini?"

Hapo ndipo penye sheria ya wakusanyaji: muuzaji haambiwi haja yako. Akijua huna budi, bei hupanda ngazi mbio. Kwa hiyo Wendelien alimwonyesha picha tu kwenye simu, kijiko kikubwa cha mezani kikiwa chali, chenye kombe dogo la pwani kwenye ncha ya mpini.

"Cha namna hii. Ninavyo kumi na moja."

"Kumi na moja? Timu imetimia, bibie! Ingieni uwanjani."

"Natafuta mchezaji wa akiba."

"Huyu hapa," alisema yule bwana akijigonga kifuani. "Naitwa Gerbrand. Nimekaa benchi miaka minane."

Wendelien alimwachia namba yake ya simu. Ni kwa ajili ya kijiko, alijiambia. Alijiambia hivyo hadi nyumbani.

Asilolisema ni hili. Vijiko vile, kumi na viwili kwa jumla, vilikuwa vya bibi yake, Neeltje Kuipers. Watu wa kale wa kule walikilaza kijiko mezani kifudifudi, mgeni asome jina la nyumba mgongoni, na mgongoni mwa vile palichongwa herufi N na K. Mama yake, siku alizokuwa akikata roho, alimshika mkono akamwambia, "Visitawanyike." Alipofariki, kaka yake Koen alimwaga sanduku zima kwa mnunuzi wa fedha, likapimwa kwenye mizani kama viazi, Wendelien yuko kazini. Tangu siku hiyo alitembea masoko akivirudisha kimoja kimoja. Kumi na moja vililala ndani ya kitambaa, na havikuwahi kugusa supu.

Basi majira ya joto yakapita kwa simu. Kila mchana tramu ilipofika mwisho wa reli, Scheveningen, kando ya bahari, simu nayo ililia.

"Hazina yangu, uko wapi?"

"Mwisho wa dunia. Nakula mkate na jibini."

"Na nani?"

"Na shakwa. Ana macho ya mapenzi kuliko yako."

"Mwambie nakuja na bunduki."

"Njoo na kahawa kwanza."

Naye alikuja kweli. Waliketi kwenye benchi, mabega yanagusana, watu wazima wa miaka hamsini na kitu, wachovu, wakinywa kikombe kimoja.

"Mbona hivyo vijiko hunionyeshi?" Gerbrand aliuliza siku moja.

"Utaviona vikitimia."

Mwanzo ilikuwa ile sheria. Baadaye ikawa aibu. Mwanamke mzima, atamwambiaje mtu kwamba analilia kijiko?

Siku ya mwisho ya soko, mwishoni mwa Septemba, Gerbrand alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele kazilaza kwa maji. Alimkabidhi kijaluba.

"Fungua, mpenzi."

Kilikuwa kijiko. Kombe lipo kwenye ncha, chapa ya simba ya fedha halisi ipo, kinang'aa kama kimezaliwa leo. Moyo wa Wendelien uliruka. Alikigeuza. Mgongoni palikuwa na herufi mpya, W na G, zimekumbatiana. Kidole chake kikapita juu ya mpini, kikahisi pamekonda.

"Gerbrand, hapa palikuwa na nini?"

"Herufi za mtu tu. Kijiko chenye herufi za marehemu nani atakitaka? Mimi kila nikinunua huanza kwa kufuta. Zilikuwa N na K, nadhani."

Wendelien alipitisha kidole tena pale palipokonda.

"Umemfuta bibi yangu," alisema. Akaweka kijaluba mezani, akaondoka.

Simu ililia siku tisa. Ya kumi aliipokea.

"Wendelien, ungeniambia!"

"Ungeuliza!"

"Nilikuuliza! Mimi si mchawi, mama, mimi ni muuza vijiko."

"Nimechoka, Gerbrand. Usinipigie tena."

Na Gerbrand, kwa vile alimheshimu, hakupiga tena. Hilo nalo likamuuma Wendelien.

Oktoba ikaja na mvua. Aliendesha tramu, akarudi, akalala, akaendesha tramu. Jumapili moja, hasira zikiwa hazina pa kwenda, alimpigia Koen amtukane.

"Wewe ndiye uliyeanzisha haya! Ulimuuza bibi kwa mizani!"

"Dada, si nilikupigia?" Koen alisema polepole. "Nilikuuliza, vyombo vya mama tuvifanyeje? Ukanijibu, 'Fanya utakavyo, niko kazini.' Ningejuaje unavitaka? Wewe hujawahi kusema unataka kitu, tangu utoto. Unanuna tu, hadi mtu abahatishe."

Alikata simu. Lakini maneno hayakukatika. Alikaa nayo jikoni, yakakaa naye kwenye kiti cha dereva.

Novemba, saa saba mchana, tramu ilifika mwisho wa reli. Abiria walishuka wote isipokuwa mmoja, kajikunyata kiti cha mbele, koti limechakaa viwikoni.

"Bwana, mwisho wa safari. Wote wanashuka."

"Dakika tano tu, halafu nishushe hata baharini." Gerbrand alitoa kijiko mfukoni. "Ningeweza kuchonga N na K upya. Saa moja tu, usingejua. Lakini ungekuwa uongo wangu, si herufi za bibi yako. Juzi karakana ilikuwa baridi, nikakipumulia nikifute. Hebu hemea hapa."

Wendelien alihema juu yake. Mvuke ukatanda mgongoni mwa kijiko, na ndani ya mvuke zikainuka, hafifu, zimeinama kidogo kama mwandiko wa mzee: N na K, chini ya W na G. Kisha zikayeyuka.

"Patasi ilikandamiza fedha hadi ndani," Gerbrand alisema. "Mimi nilisugua ngozi tu. Mfupa unakumbuka."

Wendelien alihema tena. Na tena. Mara ya nne hakuona kitu kwa machozi.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilikuficha haja yangu kama vile wewe ni mfanyabiashara."

"Mimi ni mfanyabiashara."

"Nyamaza, nisije nikakushusha kweli." Alijifuta kwa skafu. Kisha akamweleza yote, Neeltje, mama, mizani, hadi kengele ya kuondoka ikalia.

"Wendelien, unaolewa na mimi?"

"Niulize nikishiba. Miguu inaniuma, na nyumbani nina supu ya njegere ya jana."

Nyumbani alifungua kitambaa mezani, akalaza na kile cha Gerbrand. Gerbrand alivitazama vyote kumi na viwili, akanyoosha mkono kwenye droo ya vijiko vya bati.

"La," Wendelien alisema. "Tunakula kwa hivi."

Supu ilikuwa nzito, kijiko kilisimama wima chenyewe. Walikula kama watu waliofanya kazi. Bakuli zilipokuwa tupu, Gerbrand alikohoa.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba. Ndiyo. Na nataka ubaki. Nataka mtu wa kula naye, nimechoka kula nimesimama jikoni kama farasi." Alishangaa kusikia jinsi lilivyo jepesi neno "nataka" likishatoka. "Na nataka uoshe vyombo."

Gerbrand aliinuka akikunja mikono ya shati.

"Si sasa, jamani," Wendelien alisema. "Kaa. Kesho."

Asubuhi vijiko viwili vilikuwa kwenye sinki, vichafu, njegere imekaukia kwenye kombe la mpini. Wendelien alivitazama huku akifunga vifungo vya sare. Akaviacha hivyo hivyo, akaenda kazini, na siku nzima hakuwa akitafuta kitu.