Pointi ya Saba

Treni ilishika njia ambayo Bwana Miwani hakuiagiza. Hicho ndicho kilichokuwa kioja cha kwanza.

Alikuwa fundi wa miwani kabla ya kufunga duka lake. Alisema amechoka kuwaonesha watu dunia, sasa anataka kujitengenezea ya kwake. Chumba cha juu, walichokuwa wakilala watoto kabla hawajaoa na kuolewa wakahama, alikijaza meza moja kubwa, na juu yake akatandaza reli ndogo zenye madaraja, mahandaki ya karatasi ngumu na stesheni zenye abiria wasiozidi ukucha. Mkewe alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Yeye alisema afadhali reli kuliko mke wa pili.

Kila njia zilipogawanyika palikuwa na pointi, yaani vyuma viwili vyembamba vinavyosogea ili treni iende huku au kule. Chini ya meza kila pointi ilikuwa na mota yake ndogo na kisimbuzi chake chenye namba, kidude kinachopokea amri ya rimoti. Ukibonyeza namba kwenye rimoti, pointi inalia tak, njia inabadilika. Pointi ya saba ilipeleka treni kwenye kipande cha reli kilichoishia ukutani, kwa sababu Bwana Miwani alikuwa bado hajaamua ajenge nini pale.

Mchana huo Mwalimu alikuwa ameleta chai. Pointi ya saba ikalia. Treni ikageuka, ikaenda hadi ukutani, ikasimama taratibu kama iliyofika.

“Umebonyeza?” Mwalimu akauliza.

“Rimoti ile pale mezani,” mumewe akasema. “Namba zimegongana tu. Nitairekebisha.”

Aliirekebisha kwa kila njia aliyoijua. Alisafisha vyuma kwa spiriti. Alikipa kisimbuzi namba mpya. Akabadilishana visimbuzi, cha saba akakipeleka kwenye ya sita na cha sita akakileta kwenye ya saba, ili kama ubovu uko kwenye kidude basi uhame nacho. Haukuhama. Pointi ya sita ilitii kama mtoto wa shule, na ya saba iliendelea kulia ilipojisikia, na kila ilipolia chumba kilijaa harufu ya chuma kilicholowa, kama ya handaki lililofungwa miaka mingi.

“Wewe husikii harufu?” Mwalimu alimuuliza.

“Ni mota inaungua,” akajibu, ingawa alikuwa ameishika mkononi na ilikuwa baridi.

Walikuwa wakiishi na dada wa Bwana Miwani, mjane mwenye maneno mengi na magoti mabovu. Mchana mmoja Mwalimu alimkuta chumba cha juu, amesimama kimya akiutazama ukuta pale reli ilipoishia, na sufuria tupu mkononi.

“Wifi, umefuata nini huku?”

“Nilikuwa naenda jikoni,” yule dada akasema kwa sauti ya chini. “Nimetoka chumbani kwangu, nikakata kona kama siku zote, nikajikuta hapa. Sikupanda ngazi, wifi. Magoti haya yangeniambia.”

Bwana Miwani alikuwa amewasikia kutoka mlangoni. Aliingia chini ya meza na bisibisi, akaifungua mota ya saba pamoja na nyaya zake zote, akatoka nayo kiganjani kuwaonesha wanawake wale kwamba sasa hakuna tena cha kuisogeza pointi ile. Akachomoa na umeme wa meza nzima. Walisimama watatu, na mbele ya macho yao vile vyuma viwili vikasogea polepole kama ulimi unaolamba mdomo. Tak.

Kesho yake dada mtu alimleta mtaalamu wa mambo hayo, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Alikaa mbele ya pointi ya saba, akasoma kwa kunong'ona, akaufukiza ukuta. Kisha akanyamaza katikati ya maneno, akakiweka chetezo chini.

“Mimi namtoa jini aliyeingia,” alisema. “Huyu hajaingia. Amekaa upande wa pili, na mmempa njia ya kuwavuta watu waende kwake.”

“Basi tuivunje,” Mwalimu akasema.

“Mkiivunja wakati mtu yuko upande ule, mtakuwa mmemfungia huko. Msiiguse mpaka nimuulize mkubwa wangu.” Alikuwa akitokwa na kijasho chembamba. Alipotoka walimsikia akishuka ngazi, akishuka, akishuka, muda mrefu kuliko ngazi zenyewe, halafu akatokea tena mlangoni mwa chumba kilekile, ametoa macho. “Nishikeni mkono,” aliomba. “Mtu anayeijua nyumba anitoe.”

Bwana Miwani akamshika mkono, akamtoa mpaka barabarani. Mwalimu aliwatazama kutoka dirishani wakiagana kwenye jua kali, akamwona mtaalamu akiondoka karibu kukimbia, na mumewe akigeuka kurudi nyumbani. Nyuma ya Mwalimu, mle chumbani, pointi ikalia. Alipotazama tena, barabara ilikuwa tupu.

Alisubiri mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akampigia mumewe simu.

“Niko mlangoni, Mwalimu,” mumewe akasema. “Mbona mmefunga madirisha?”

“Madirisha yako wazi. Nimesimama hapa dirishani.”

“Basi hii si nyumba yetu,” akasema polepole, “ila ina mlango wetu.”

“Usiingie.”

“Nimeshaingia. Kuna giza. Kuna mtu anatembea huko juu, nilidhani ni wewe.”

Mwalimu aliweka simu mezani na sauti yake juu, akaviona vile vyuma vimeelekea ukutani, na bila kujua kama anamwokoa au anammaliza akaweka kidole gumba akavisukuma kuvirudisha, navyo vikasukuma upande wake kwa nguvu ambayo kitu chembamba vile hakikustahili kuwa nayo, vikamkata ngozi, damu ikachuruzika kwenye reli, hakuachia, mpaka vikakubali.

“Nimetoka,” simu ikasema, sauti ikihema. “Naliona jua.”

“Tembea. Usikate simu. Niambie unachokiona.”

“Naona kwa kinyozi. Naona ukuta wa jirani.”

Alivishikilia huku mkono mzima ukimfa ganzi, harufu ya chuma kilicholowa ikimkaba koo, hewa ya baridi ikimpuliza usoni kutoka pale penye ukuta pasipo na tundu, akihesabu moyoni hatua ambazo mumewe lazima azipige kutoka kwa kinyozi hadi getini na kutoka getini hadi mlangoni, akiogopa hata kupepesa macho, mpaka akasikia mlango wa chini ukifunguliwa na wifi yake akisema kwa furaha, “Kaka, ulipotelea wapi?” na nyayo zikapanda ngazi, nzito, zilezile, na Bwana Miwani akasimama kwenye kizingiti, shati limemganda mwilini, miwani mkononi.

Mwalimu akaangua kilio, akaachia.

Tak.

“Mwalimu,” ikasema simu pale mezani, “mbona umeachia? Nilikuwa nimeshashika geti.”

Yule wa kizingitini akavaa miwani yake. “Unaongea na nani?” akauliza, kwa sauti hiyohiyo.

Mwalimu aliirukia pointi kwa vidole vyote vya mikono miwili. Haikusogea. Ilikuwa kama imeyeyushwa ikawa kitu kimoja na meza. Alisukuma mpaka kucha zikavunjika, na nyuma yake alisikia kiti kikivutwa na mtu akikaa, kama aliyezoea kukaa pale kila mchana. Kwenye simu mumewe alikuwa akienda mbali, akimwita kwa jina alilomwita walipokuwa wachumba, halafu akaacha kumwita, akaanza kumuuliza mtu fulani njia, na mtu huyo hakumjibu.