Baraka ya Kila Mutu

— Estelle, wamekubali.

Estelle alikuwa nyuma ya meza ya kiduka chake pale Kabambare, simu sikioni. Moyo ukamruka.

— Wajomba wamekubali?

— Hapana. Watu wa ile lugha ya programu. Wamepokea pendekezo langu.

Akajikalisha juu ya gunia la chumvi. Kuchoka kuna namna nyingi, na huku kulikuwa kule kwa mtu aliyekwisha kulia jana.

Gédéon, mchumba wake, alikuwa Kasongo akiandika programu za kompyuta. Aliwahi kumweleza kwamba kila programu huanza kwa kuita maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, na kila maktaba ina mstari wake. Bwana huyu akachoka kuandika mistari. Akawaomba wenye lugha hiyo, huko ng'ambo, mstari mmoja uweze kuita maktaba zote za folda nzima. Jambo dogo tu, la kupumzisha vidole. Wakabishana naye miezi na miezi, na miezi hiyo yote Estelle aliulizwa sokoni mchumba wake atakuja lini kujitambulisha.

Alipojitambulisha ndipo alipoharibu. Katika ukoo wa Estelle, mchumba hupita nyumba kwa nyumba, akaketi, akataja baba na babu, akaulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Gédéon yeye aliomba kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, akaandika:

"Bonjour wote. Niko Gédéon, mutoto wa Christophe wa Kasongo. Nataka kuoa Estelle. Naomba baraka ya kila mutu. Merci."

Mjomba Bulaimu akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwambieni ule kijana, sisi hatuko fungu la mihogo, tubebwe wote pamoja."

— Estelle, hufurahi?

— Nafurahi juu yako. Mimi nimechoka.

— Nilimuomba Mjomba Bulaimu pardon.

— Bulaimu atapoa. Gédéon, mule mu grupu, uliona jina la Tante Régina?

— Sikuona.

— Hana simu. Yeye iko Wamaza, ku shamba lake. Mama alipokufa, njo yeye alinilea. Siwezi kumwambia mimi, ni wewe unapashwa kuenda. Ukoo muzima umekasirika, na yeye hajui hata jina lako.

— Sikujua.

— Hukuuliza. Kama huwezi kufika kwake, acha. Sitakuchukia. Lakini sitaolewa bila yeye.

Hakupandisha sauti. Alikata simu, akampimia mteja chumvi.

Jioni ujumbe ukaingia: "Niko nakuja." Hakujibu. Maneno ya Gédéon alikwisha kuyazoea, na maneno si safari.

Jumapili akapanda pikipiki kwenda kumwona shangazi yake, bila kutegemea kitu. Akamkuta Gédéon kibarazani, matope mpaka magotini, akimenya karanga vibaya sana. Tante Régina alikuwa amemkazia macho.

— Estelle, huyu anasema aliita kila mutu. Ni kweli?

— Ndiyo, Tante.

Shangazi akamgeukia Gédéon.

— Na mimi siko mutu?

— Uko mutu, Mama. Nilifanya haraka. Nilikosea.

— Siku huyu mutoto atagonjwa kwako, utaniita na nini? Simu sina.

— Nitakuja mwenyewe.

— Njia iko mubaya.

— Niliiona, Mama. Pikipiki ilituangusha, sehemu ingine nikatembea na miguu.

Tante Régina akatazama yale matope ya magotini. Estelle aliona aibu, akaona huruma, na juu ya yote akaona jinsi alivyompenda huyu mjinga.

— Mutoto wangu, unamutaka?

— Namutaka, Tante. Lakini kungojea kumenichosha.

— Kungojea kunachosha. Kesho nitamupeleka mimi mwenyewe kwa Bulaimu, kisha kwa wengine, nyumba kwa nyumba. Hakuna mwenye kufunga mulango mbele yangu. Mupe maji aoge.

Mgeni wa kupita hupewa maji ya kunywa. Maji ya kuoga ni ya mtu wa nyumbani. Estelle akalijua hilo. Akaenda nyuma ya nyumba kuchota. Gédéon akamfuata, akashika ndoo upande mmoja.

— Umenisamehe?

— Bado. Oga kwanza.