Siri ya Singo Mbele ya Kisomangozi

Kisomangozi kiliteremka taratibu kutoka darini, kikakunjua mikono yake myembamba, kikasimama mbele ya shavu la Shuwena bila kumgusa. Kikalimulika kwa mwanga wa kijani usio na joto. Papo hapo ngozi ya binti ikatokea ukutani, imekuzwa, tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyochambuliwa. Tanga ya siku hizo ilikuwa na maajabu mengi, lakini hili ndilo lililowaleta watu kutoka Pemba hadi Kigoma: chombo kilichoijua ngozi ya mtu kuliko mama aliyemzaa. Kikishaisoma, ndipo hufyatua mwale wa leza, mwembamba kuliko unywele, ukalivunja kovu chembe kwa chembe na kuiacha salama ngozi iliyo jirani.

Asubuhi hiyo mwale haukutoka.

"Ngozi hii si ile niliyoijaribu mwezi uliopita," kilisema kwa sauti ya upole. "Kuna kitu kimepakwa. Sikitambui. Naomba niambiwe."

Dakta Mwamvua Shekiondo, mama mtu mzima aliyekibuni chombo hicho, akamtazama binti. "Shuwena, mwanangu, umejipaka nini?"

"Sijapaka kitu, Dakta."

"Umekaa juani?"

"Sijaliona jua wiki nzima. Niko ndani, hata hapa nimeletwa nimefunikwa gubigubi. Naolewa Jumamosi."

Loo! Neno hilo lilimgutusha daktari. Mwari aliye ndani hakai hivi hivi. Akamgeukia mwanamke aliyeketi pembeni, mkono shavuni, amejaa kwenye kiti kama aliyekuja na kiti chake. Huyo alikuwa Bi Mgeni, somo wa Shuwena, aliyewafunda mabibi harusi wa mtaa mzima na mama zao kabla yao.

"Bi Mgeni, shikamoo tena. Mwari wako amesingwa kwa manukato ya harusi?"

"Marahaba. Ya chumbani hayatoki mlangoni, mwanangu," alijibu Bi Mgeni, akatazama dirishani.

Shuwena akainama. Alikuwa amekula kiapo cha kutotaja alichosingwa, na kiapo cha somo hakivunjwi na mwari. Lakini hofu yake nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Alipokuwa mtoto mchanga sufuria ya uji ilimmwagikia, ikamwachia kovu lililolivuta shavu mpaka kwenye taya. Mawifi zake watarajiwa walikwisha kumtungia wimbo wa kijembe, na kila mtu alijua utaimbwa siku ya kutolewa nje.

"Dakta, nakuomba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kiambie kiendelee tu. Shavu likiwaka kidogo nitavumilia. Siwezi kukaa mbele ya watu wale na uso huu."

Jamani, nani asingemhurumia? Na daktari alikuwa na uwezo. Kulikuwa na swichi ya kukiamuru chombo kifanye kazi bila kuuliza zaidi. Mkono wake haukuielekea. Alifunga mlango, akahakikisha waliomo ni wanawake peke yao, kisha akafungua shungi lake la kichwani na shingoni, ambalo hakuna mfanyakazi wa kliniki ile aliyewahi kuliona likivuliwa.

Kuanzia chini ya sikio mpaka begani ngozi yake ilikuwa na mabaka meupe, mengine yamevimba.

"Nilikuwa bibi harusi kama wewe," alisema. "Mashine za wakati ule zilifundishwa kwa ngozi nyeupe. Leza hutafuta weusi ili iuchome, nayo haikujua kutofautisha weusi wa doa na weusi wangu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza nimepaka nini, wala kama makovu yangu huvimba. Walinilaza, wakawasha. Nililia mpaka sauti ikakauka."

Shuwena aliziba mdomo.

"Hiki chombo, ngozi ya kwanza kukifundisha ni hii hapa. Wakafuata wenzangu wengi walioungua kama mimi, wakakubali kumulikwa ili wewe usiungue. Kikisema hakijui, mimi siwezi kukilazimisha. Baka la namna hii usoni haliondoki, mwanangu. Utazeeka nalo."

Bi Mgeni aliyatazama yale mabaka, akamtazama mwari wake, akayatazama tena. Siri ile alipewa na bibi yake, naye alipewa na bibi yake, na kuitoa kulimuuma kama kung'olewa jino.

"Liwa ya msandali," alisema ghafla. "Asumini, karafuu, na manjano kidogo. Nimemsugua kila siku mpaka akang'aa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na ndimu."

"Ndimu!" Dakta Mwamvua alishika kichwa. "Bi Mgeni, ndimu huifanya ngozi ishindwe kuvumilia mwanga. Na kusugua kumeichubua juu kwa juu. Tungewasha, tungemkaanga!"

"Basi ningemharibu mimi," alisema Bi Mgeni, na mama yule mkavu akalia waziwazi.

Shuwena alimkumbatia. "Hukujua, Somo. Na umesema."

Jumamosi aliolewa na kovu lake. Mawifi walipoanza wimbo wao, Bi Mgeni alisimama katikati ya ukumbi, akapiga kigelegele kirefu kilichowameza wote, kisha akawaambia, "Uso huu nimeusinga mwenyewe. Mwenye kasoro naye asogee nimsinge!" Ukumbi ukaangua kicheko. Shuwena naye alicheka sana, shavu limevutika upande mmoja, na bwana harusi alipoingia hakutazama kwingine.

Ndimu ilipokwisha mwilini na ngozi kutulia, alirudi. Kisomangozi kilijaribu kwanza nyuma ya sikio, wakasubiri, ndipo kikaanza shavu, awamu baada ya awamu. Kovu lililainika. Hakikuahidi kulifuta lote, na halikufutika lote, lakini taya lilifunguka, akaweza kuuma hindi la kuchoma bila maumivu.

Baadaye Bi Mgeni alikuja tena, amemshika mkono mwari mwingine.

"Huyu sijamgusa," alitangaza tangu mlangoni. "Harusi bado mbali. Kimtibu kwanza, apone, ndipo nimsinge. Siku hizi ndivyo ninavyofunda."

Kisomangozi kikateremka. "Hongera, Bi Mgeni. Naomba nijue utakachompaka baadaye. Ndimu kiasi gani?"

Bi Mgeni aligeuka kuhakikisha daktari hasikilizi, akakisogelea chombo, akakinong'oneza. Dakta Mwamvua alijifanya ana kazi mezani, shingo yake wazi, shungi lake limetundikwa nyuma ya mlango.