Akaunti ya Tigor Sihombing

Saa tatu asubuhi, Ijumaa. Chumba cha nyuma, mgahawa wa supu nyeusi ya rawon, Surabaya.

Mpango wa genge ulikuwa huu: wajipenyeze kwenye saraka, orodha ya kompyuta, ya wafanyakazi wa kiwanda cha dhahabu, kisha kadi zao zifungue milango walinzi wakiwa msikitini. Skripti, programu fupi ya kuwaingiza, aliiandika Tigor, mtu wa kabila la Batak kutoka Medan. Unaipa jina, ukoo, idara na neno la siri, inafungua akaunti.

Akajaribu ya mwenzake Wagiman. Ikagoma. Ya Gatot, mkuu wa genge. Ikagoma.

"Jaribu yako," Gatot akasema.

Ikakubali papo hapo. Wagiman akaweka kijiko chini.

"Mbona ya kwako tu, Bang? Unataka kuingia peke yako?"

"Haki ya Mungu sijui, Mas." Wao walimwita Bang, yeye aliwaita Mas; yote ni "kaka".

Tigor akaiamuru skripti ionyeshe ilichopokea. Ukoo wa Wagiman: Ghala, yaani idara yake. Idara: neno la siri. Neno la siri: tupu.

"Nyie Wajawa mna jina moja moja!" Tigor akapumua. "Kwetu mtu bila ukoo hata mke hapati. Ukoo usipokuwepo, idara inakalia nafasi yake, na vingine vinasogea."

Akarudia majina: Wagiman Wagiman. Gatot Gatot. Zikakubali.

Akanyoosha mkono aifute ya kwake. Gatot akaudaka.

"Iache."

"Mas, mimi nabaki garini, na hilo ni jina langu kamili na ukoo. Wakiliona nimekwisha."

"Ndiyo maana. Hutatukimbia."

Kadi akaziandaa Gatot mwenyewe, kajifungia.

Saa sita kasoro robo. Tigor alibaki garini na kompyuta. Wenzake wakaingia, mlango ukajifunga nyuma yao. Majina ya walioingia yakatokea kwenye kioo: Tigor Sihombing. Tigor Sihombing.

Washenzi! Wameingia kuiba kwa jina lake.

Akaifuta akaunti.

Baada ya nusu saa simu ikaita. "Bang, mlango wa kutokea umekataa kadi!" Gatot alikuwa anahema.

"Huyo mfanyakazi hayupo tena, Mas."

"Ndugu yangu, mrudishe! Swala imeisha, walinzi wanakuja!"

Kumbukumbu za mlango bado zilikuwa na jina lake, na zile hakuweza kuzifuta. Polisi watamtafuta hadi Medan. Lakini hatakwenda jela peke yake.

Akakata simu, akawasha gari.