Jongoo Aliyeongezwa Miguu

Kila jioni, Maswali alianza kwa kuinjika maji jikoni. Jina hilo alibandikwa mtaani kwa kuuliza bila kuchoka, hadi majirani wakimwona anakuja hujifanya wana haraka. Maji yalikuwa ya mama yake, mpasua mawe. Kutwa nzima mama huyo alishinda machimboni na nyundo na tindo, akipasua mawe bapa ya kutandazwa kwenye nyua za watu, na alirudi vidole vimekakamaa. Maswali alimkanda kwa maji ya moto, na hapo ndipo walipopiga soga zao.

Jioni moja mama alifungua kitambaa chake cha kichwa, akatoa kipande cha jiwe.

"Nilipolipasua nikamwona huyu," alisema. "Nikajua huyu ni wa mwanangu."

Juu ya jiwe palikuwa na alama ya mnyama mwembamba mwenye pingili, kama jongoo. Maswali alikitambua mara moja: kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Alimweleza mama yote aliyofundishwa, na mama alisikiliza huku macho yakimng'aa.

Kesho yake shuleni mambo yalikwenda kombo. Mwalimu wa sayansi hakuwapo, na wanafunzi wenzake hawakuona cha ajabu. Pingili zilikuwa hafifu na miguu haikuonekana.

"Hiyo si alama ya tairi la baiskeli?" aliuliza mvulana wa dawati la nyuma. "Mama yako kakuokotea kokoto."

Darasa zima likaangua kicheko. Kuchekwa yeye mwenyewe Maswali alikuwa amezoea, lakini zawadi ya mama kuchekwa kulimchoma moyo. Aliporudi nyumbani alitafuta msumari, akakwaruza miguu pande zote mbili za mnyama yule, mmoja kwa kila pingili. Kisha akapaka vumbi ili ionekane ya zamani.

Waliocheka jana sasa walisukumana kulitazama jiwe. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amerudi, naye alifurahi.

"Jongoo ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kutembea nchi kavu," aliwaambia. "Ijumaa tutatembelewa na mtaalamu wa visukuku kutoka makumbusho. Maswali, mwambie mama aje, tumshukuru."

Mama aliposikia, alitoa gauni lake jema sandukuni.

Alhamisi jioni, mdogo wake Maswali, aliyeitwa Chiriku kwa kusema sana, alikuwa akicheza kizingitini.

"Dada, njoo umwone huyu. Anaingia ndani bila kubisha hodi."

Alikuwa jongoo. Maswali alichuchumaa kumtazama, akaanza kuhesabu miguu. Karibu kila pingili ya jongoo yule ilikuwa na miguu miwili upande huu na miwili upande ule. Wake wa jiwe alikuwa na nusu tu.

Alichukua tena msumari. Angeweza kuongeza iliyobaki, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtaalamu je, asafiri kuja kujifunza uongo wake? Na akiugundua mbele ya mama? Kutoka chumbani alimsikia mama akiimba taratibu huku akipiga gauni pasi. Maswali akautupa msumari.

"Mama, nimeliharibu jiwe ulilonipa," alisema, akaeleza yote.

Mama aliweka pasi pembeni. "Ulilionea aibu?"

"Hapana, mama. Walikucheka, roho ikaniuma."

Mama alimvuta, akamkumbatia. "Mimi wakinicheka nitapona. Kesho utamwambia mgeni mwenyewe. Nitakuwa karibu yako."

Ijumaa, Maswali alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Mtaalamu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akampa kalamu nyekundu.

"Weka alama kila mahali ulipokwaruza," alisema. "Usiache hata mahali pamoja."

Kazi hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza, mtaalamu alitoa lenzi yake, akaanza kupekua sehemu zisizo na wekundu. Karibu na mkia alituliza lenzi, kisha akamwita Maswali achungulie. Palikuwa na vidoti vidogo mno, viwili viwili kila upande wa kila pingili.

"Hapo ndipo miguu ilipoota," alisema. "Huyu ni wa jamii ya jongoo kweli. Usingenionyesha ulipokwaruza, nisingeliamini jiwe hili hata kidogo. Wanangu, kazi yetu ni kusoma kilichomo kwenye jiwe, wala si kukitia chumvi. Na ukikosea, sema mapema, kosa liweze kurekebishwa."

Akamgeukia mama, akamshukuru kwa jicho lake kali. Mama aliinamisha uso kwa haya, akamshika Maswali mkono.

"Jiwe nilikuletea ulifurahie, si unitetee nalo," alimnong'oneza. "Fahari nimeiona leo, uliposimama ukasema kweli."